Rozari Iliyosahauliwa Kitandani

Sikilizeni wanangu. Ligaya, funga mlango, maana hawa wanaoniletea maua wiki ya kampeni siwaamini hata mmoja. Anselmo, toka hapo dirishani, kaa nikuone uso.

Nyumba na minazi mtagawana sawa na dada yako, wakili anayo karatasi. Ninalo jingine. Mwaka ule nilipogombea umeya dhidi ya mwalimu Perpetua, yule mjane, alikuwa ananishinda, nami sikuwa na la kumjibu kuhusu maji wala soko, basi nikakaa na kahawa yangu nikatunga kwamba kaonekana akitoka nyumba ya wageni, viatu mkononi. Watu wakasahau maji. Kila akipanda jukwaani wanaume wanampigia miluzi, "Mwalimu, leo umevaa viatu?" na mama yenu, Mungu amrehemu, alicheka pamoja nao. Nikashinda, yeye akahama mji. Naona aibu, wanangu, mpaka leo.

Sasa Ligaya anagombea, nasikia ati hana mume wa kumtuliza, ati mji ataupaka poda. Hayo nayajua, niliyasema mimi juu ya mwalimu. Lakini jana muuguzi kaniambia maneno ya sokoni: "Mzee, wanasema binti yako kalala na mkandarasi, akasahau rozari yake kitandani." Hadithi hiyo ya rozari niliitunga mimi kwa ajili ya mwalimu, nikaona ni chafu mno, nikaiacha palepale mezani. Haikutoka nje ya nyumba hii. Aliyeisikia ni mmoja tu, Anselmo, aliyekuwa ananimiminia kahawa huku akicheka, na ambaye mwaka huu chama kimemruka kikamchukua dada yake.

Usinikatize, pumzi ni chache.

Ligaya, nikifa usiahirishe mkutano hata mmoja. Wakikuuliza nani anakupikia, wajibu habari za maji. Mtafuteni mwalimu, mwambieni, "Baba yetu Hilario alikuzulia uongo," na msimwombe msamaha kwa niaba yangu, hiyo ni haki yake kunyima. Njoo, chukua mkono wangu, uweke kwenye paji lako. Mungu akutangulie, mwanangu, akulinde hata na sisi wa nyumbani.

Anselmo, usiiname bado. Mkono huu... umekuwa mzito, lakini ningali nauzuia. Baraka yako ipo. Mgeukie dada yako kwanza, umwambie ni nani aliyeipeleka rozari sokoni. Sema... sema ningali nasikia.