Recheli Mayala, Aliyetangaza Msiba wa Pampu

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, majirani, na nyinyi watani mliojisogeza karibu na masufuria kwa sababu mnazozijua wenyewe, mimi ni Zablon Shilinde, mdogo wake mume wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma, na kwa kuwa huyu alikuwa shemeji yangu, mtanivumilia nikicheka mahali pa kulia, maana yeye mwenyewe angenizomea.

Marehemu Recheli Mayala alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 katika kijiji cha Lusu, Nzega, mtoto wa tatu wa Mzee Mayala na Mama Zabibu, wakulima wa mpunga na karanga, na inasemekana alianza kusema kabla ya kutembea, jambo ambalo sisi tuliokaa naye hatuna sababu ya kulipinga. Alisoma shule ya msingi hapo Lusu kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari Tabora mjini hadi 1974, na tarehe 1 Machi 1976 aliajiriwa na Posta na Simu kuwa opereta, akakaa miaka mingi mbele ya ubao wa nyaya akiwaunganisha watu wa Kigoma, Tabora, Dodoma na Pwani, njia ileile waliyopita babu zetu na mizigo mabegani.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na kaka yangu Eliya, fundi wa reli, katika Kanisa la Moravian, Tabora mjini, Mungu akawajalia watoto watatu, Julieth mwaka 1981, Renatus 1984 na Yustina 1991, na mashine mpya zilipowaondoa maopereta kazini mwaka 1998, alimfuata mumewe hapa Usinge, akalima karanga na kuimba kwaya.

Mwaka 2019 Julieth alimletea simu kubwa, sisi tukadhani ataangalia picha za wajukuu, kumbe wapi! Humo alikuta mchezo ambamo kila mtu anapewa mwili wa kuchora, anatembea, anajenga, anaongea kwa sauti yake, basi akaijenga Usinge yetu nzima, stesheni, kanisa, zahanati, hata mbuzi wa jirani, akawaalika maopereta wenzake wa zamani na marafiki wa kando ya reli, jioni wakawa wanapiga soga kwenye stesheni hiyo. Yeye alijichagulia mwili wa mwanamke mrefu mwenye viatu vyekundu, na kaka yangu alipouliza huyo mrembo ni nani, aliambiwa asimtazame sana, ana mke.

Februari 2022 pampu ya kisima cha zahanati ilikufa, na mwezi Juni Yustina akaja kujifungulia kwetu, mama yake akabeba ndoo kutoka lamboni, akamshuhudia mkunga akinawa kwa kikombe kimoja cha maji ya tope. Mtoto na mama walipona kwa neema, lakini shemeji hakutulia tena, kila mjamzito aliyepita njiani alimwumiza moyo, akaenda ofisi ya maji akaambiwa suala linafanyiwa kazi, akaenda tena likawa bado linafanyiwa kazi, akarudi akiuliza ni kazi gani hiyo isiyomtoa mtu jasho.

Tarehe 3 Septemba 2022 akaandika kwenye simu kwamba Usinge imefiwa na mpendwa wake aliyewanywesha wote, Pampu wa Zahanati, na mazishi ni kwenye kile kijiji cha kuchora. Wazee wa kanisa walisema ni uchuro, kaka yangu akamsihi afute, naye akajibu kwamba uchuro ni mama kujifungua bila maji. Watu walijaa humo kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, wakaimba, na mtani wetu Amne, Mzaramo wa Kisarawe, akajitupa kaburini akaapa hatoki mpaka baba wa marehemu aje, yaani afisa wa maji.

Sasa tangazo lile likasafiri, kila simu ikilikata mstari, likafika Lusu halina tena neno pampu, na siku ya tatu ndugu zetu wakashuka na unga, masufuria na vilio vya kweli, ikabidi matanga yawepo. Mara gari la afisa wa maji nalo hilo, maana kiongozi gani atakosa msiba, suti nyeusi, akapewa kiti cha mbele, shemeji akasimama akasoma historia ya marehemu, aliyezaliwa mwaka 1997, akaolewa na kijiji kizima bila kulalamika, akafa akisubiri kipira kimoja cha ndani. Jamani! Yule bwana alitazama viatu vyake, kisha akacheka mpaka akashika kiti, maana naye ni mtani wetu, na mtani hanuniwi, akaishika simu na kumsihi Amne atoke kaburini, na tarehe 19 Septemba maji yakaruka. Tangu hapo watu wa kando ya reli wamezika daraja, paa la shule na taa za sokoni, na mengi yamefufuka.

Mwaka 2024 shemeji aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa mjini Tabora, na Jumanne tarehe 11 Novemba 2025 alfajiri alifariki dunia, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu. Tulipotangaza, marafiki zake kwenye simu walicheka, wakauliza safari hii kimekufa nini, na jana asubuhi akatufikia fundi na boksi la spana, katumwa na afisa yuleyule, amekwisha kuijaribu pampu na kuikuta nzima, akauliza basi kilichokufa ni kipi. Tulimwonyesha jeneza, akaweka spana chini, akalia hadi sisi wafiwa tukambembeleza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tabora, mkunga wetu, majirani, maopereta wastaafu, Amne na watani wote, na fundi huyo aliyeketi pale nyuma.

Pumzika kwa amani, shemeji, safari hii tumeamini.