Maisha ya Elsie Adoyo Shiundu, Mtunzi wa Maswali ya Wateja

Elsie Adoyo Shiundu, tunayemsindikiza asubuhi hii kabla ya safari ya kwenda kumzika Butere, alizaliwa tarehe 9 Juni 1973 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Makongeni, Nairobi, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Owen Odera, fundi wa mabehewa, na Mama Phelister, ambaye tunaye hapa, na baada yake akazaliwa ndugu yake wa pekee, Sylvance, ambaye Elsie alimbeba mgongoni wakati yeye mwenyewe alikuwa bado hajaanza shule.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Makongeni kuanzia mwaka wa 1980, kisha akapelekwa kwa shangazi yake Siaya, alikomaliza kidato cha nne mwaka wa 1991, na kwa kuwa baba alikuwa amestaafu na Sylvance alikuwa bado darasani, alirudi Nairobi kutafuta kazi, akaipata mwaka wa 1993 katika kampuni ya utafiti mjini, iliyomtuma Mathare na Kariobangi kubisha milangoni na kuuliza watu juu ya sabuni, unga na mafuta ya kupikia.

Huko milangoni ndiko alikojifunza kazi yake. Aliona kwamba mtu wa mitaa hii akishakukaribisha na kukupa kiti, hawezi kukwambia kitu chako ni kibaya, kwa hiyo ukimuuliza kama anapenda unga wako atakwambia anaupenda sana, hata kama jikoni kuna pakiti ya kampuni nyingine, na tangu hapo Elsie aliacha kuuliza watu wanapenda nini, akawa anawauliza mara ya mwisho walinunua unga gani, dukani kwa nani, na kwa nini siku hiyo hawakuchukua ule mwingine.

Tarehe 5 Agosti 2000 alifunga ndoa na Walter Shiundu, karani wa Baraza la Jiji, wakahamia Kariobangi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kate aliyezaliwa mwaka wa 2001 na Owen mwaka wa 2005, na Walter husema kwamba katika nyumba ile hakuna swali la mtihani wa nyumbani lililopita bila Mama Kate kulikosoa kwanza.

Mwaka wa 2010 alifungua ofisi yake mwenyewe, juu ya duka la vyuma hapa Kariobangi, akawatungia maswali wauza maziwa, wauza rangi na vyama vya akiba, na vijana aliowafundisha wanakumbuka kwamba swali lenye mambo mawili alilikata katikati, swali lililobeba jibu lake ndani alilifuta, na hakuna karatasi iliyotoka ofisini kabla hajawasomea majirani zake na kutazama ni wapi wanasita.

Inatupasa sasa kusema habari za mkate, kwa sababu wengi mlioketi hapa mnazijua, na kuziruka kungekuwa kusema uongo juu ya Elsie mbele ya watu.

Kiwanda cha mkate kilichokuwa nyuma ya soko, ambako Sylvance alikuwa msimamizi wa tanuri, kiliwahi kufanya utafiti wake chenyewe, kikawavalisha vijana fulana na kofia za kampuni, kikawapa mkate wa kugawa mlangoni, halafu wakauliza kama mkate ni mtamu, na nani angesema si mtamu huku ameushika mkononi, basi kiwanda kikaongeza tanuri la pili, na mikate ikalala madukani mpaka ikaota ukungu. Februari 2021 kiwanda kikamwita Elsie. Sylvance alifika nyumbani kwake kabla kazi haijaanza, akamwambia, "Sista, wewe uliza tu kama mkate ni mtamu, waseme ni mtamu, na Jumatatu sisi tuingie kazi," naye akamjibu, "Hivyo ndivyo walivyouliza mara ya kwanza, Sylvance, na ona mlipofika."

Vijana wa Elsie walienda bila fulana na bila mkate, na watu wakasema ukweli, kwamba gari la kiwanda lilifika madukani chai ya asubuhi ikiwa imeshanywewa, na mkate waliouziwa kesho yake ulikuwa wa jana. Elsie aliamini gari litatoka mapema zaidi na kazi ya ndugu yake itapona. Mwenye kiwanda aliyasoma majibu yale yale, akaona ni nafuu kufunga, na mwezi wa Juni matanuri yakabebwa kwenda Thika, na waokaji wakabaki nje ya geti.

Tangu siku hiyo Sylvance hakukanyaga kwake. Elsie akipita sokoni, wake za waokaji walimwuliza, "Mama Kate, leo umekuja kufunga nini?" na milango ambayo alikuwa ameizoea tangu ujana haikufunguliwa tena, hata ofisi ikapungukiwa na vijana. Hakujitetea. Alipeleka salamu kwa ndugu yake kila Krismasi kupitia kwa mama, nazo hazikurudi na jibu.

Novemba 2023 alianza kulalamika tumbo, na Januari 2024 madaktari wakagundua ni saratani ya kongosho. Mwezi wa Aprili mwaka huu, Sylvance alikwenda hospitalini akiwa na mama. Tulitarajia Elsie amwulize kama amemsamehe, lakini alimwuliza, "Tangu pale pafungwe, umekuwa ukiishi vipi?" na Sylvance akaongea mchana kutwa, juu ya vibarua, juu ya mke aliyerudi kwao, juu ya hasira, bila kupunguza, naye akamsikiliza hadi mwisho. Sylvance hakusema amemsamehe. Alirudi kesho yake, na siku zote zilizofuata, akawa ndiye anayemlisha uji.

Elsie alituacha Jumanne, tarehe 13 Mei 2025, alfajiri, akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, vijana wa ofisi yake, kanisa, na majirani wote wa Kariobangi, pamoja na ninyi ambao kwa miaka minne hamkumsalimu, na bado usiku wa jana mkaleta viti vyenu. Sylvance atasafiri katika gari litakalombeba dada yake.

Pumzika, Adoyo, kwa amani ambayo kwetu uliipata kwa uchache.