Bi Mwanabaraka Mshamu na Vyungu Vyenye Matundu

Assalamu alaikum, wazee wetu na ndugu mliokuja kutusitiri. Bi Mwanabaraka Mshamu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Dimani, akamaliza darasa la saba hapahapa mwaka 1972, ingawa kazi ya maisha yake, kufinyanga vyungu, alifundishwa na mama yake kule bondeni kunakochimbwa udongo.

Mwaka 1976 aliolewa na Abdalah Sadala, mkulima wa mpunga wa Mbwera, wakajaaliwa watoto wanne, kitinda mimba akiwa Hafsa, na tangu mzee alipotangulia mwaka 2011 nyumba ilisimama kwa vyungu, mpaka watu wakahamia kwenye sufuria na ndoo za plastiki, vyungu vikabaki uani vikimtazama.

Juni 2019 alikuja Nasra, mbunifu wa vyombo kutoka Dar es Salaam, akaomba vyungu vyenye matundu vya kufunikia taa za hoteli. Marehemu alishangaa, maana miaka yote chungu kinachovuja alikivunja mwenyewe kabla hakijamfikia mteja, leo atoboe kwa makusudi! Akakubali, na siku ya kwanza, wakati wa kulainisha, vidole vyake vikayaziba matundu yote bila mwenyewe kujua. Nasra alicheka mpaka akakaa chini, naye akacheka, wakaanza upya, taa zikapendwa, oda zikafuatana, mama wa watu akakosa hata nafasi ya kuumwa.

Alichotaka ni kimoja tu, Hafsa ajue chungu cha kupikia, kile cha kitako cha mviringo, kabla mikono haijamkatalia. Hafsa, fundi hodari wa taa, kila mara alijibu kwamba wamalize oda kwanza, na ni kweli oda zilikuwepo. Februari 2024 kifua kilimbana, akawa anaelekeza tu, mwisho akaacha hata kuelekeza. Hakukasirika, alichoka. Ndugu walipomlaumu binti, aliwaambia wamwache mwanawe, taa nazo ni kazi ya mikono. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, Hafsa akiwa bado hajakijua chungu kile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kibiti, majirani, wafinyanzi wenzake, na Nasra aliyefika jana. Hafsa anawaomba kina mama mliowahi kufinyanga na mama yake, yeyote anayekumbuka namna ya kukizungusha kile kitako, asiondoke leo kabla hawajaonana.

Mama, umechoka vya kutosha, Mwenyezi Mungu akupumzishe.