Sulisuli wa Fundi Cherehani

Kwenye treni, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani mstaafu alipakata vipande vya sulisuli aliyemvua mwenyewe. Muuguzi aliyeketi kando yake akacheka. “Baba, huyo ni samaki wa kupigana naye na kupiga naye picha. Ukimla, unatafuna pamba.”

“Marehemu mke wangu alimpika, mwanangu, nikalamba vidole. Mimi ndiye ninayeshindwa.”

“Unamweka motoni muda gani?” muuguzi akauliza.

“Saa nzima.”

“Saa nzima! Unamuua mara ya pili! Samaki yeyote, dakika kumi zinamtosha.”

“Dakika kumi,” mzee alirudia taratibu. “Na mimi miaka miwili nalaumu ndimu ninazomkamulia.” Akamfungia kipande. “Kapike, tuone nani mkweli.”

Treni iliposimama, muuguzi alishuka akishikilia bado kwamba sulisuli hafai kuliwa, mkoba wake ukidondosha maji ya samaki.