Ukungu wa Renatha Umewekwa Bure

Ukitaka kesi yako ihukumiwe kabla hujamaliza kuieleza, ipeleke mtaa wa Bakoba, kwenye benchi la Ma Klaudia muuza kahawa, jirani kabisa na studio ya picha ya Renatha. Pale utamkuta Sospeter, aliyewahi kuwa tarishi mahakamani, wanamwita Wakili. Utamkuta Ta Gozbert, mwalimu mstaafu. Huyo wanamwita Nshomile, yaani msomi, maana hata ukimsalimia atakusahihisha. Na utamkuta Nathanieli wa bodaboda, aitwaye Bando, kwa kuwa bando lake mwenyewe hajawahi kununua. Asubuhi hiyo Renatha alitoka studio amenuna, simu mkononi, na hata kikombe alichopewa hakukipokea.

— Wameniibia, waitu! Filamu yangu ya ukungu wa ziwani Kemondo iko mtandaoni. Dunia nzima inaiangalia bure.

— Nani kaiweka? aliuliza Ma Klaudia.

— Wazungu fulani, wanakusanya filamu za majaribio. Hawaombi ruhusa. Wanaweka, halafu wanaandika chini: msanii asiyetaka aseme, tutaondoa.

— Hakimiliki hiyo! Wakili akaruka. Kesi hii nimeshashinda!

— Ngoja kwanza, alisema Nshomile. Kama hiyo ni ya majaribio, yenyewe inatoka lini?

— Ndiyo yenyewe, Ta Gozbert.

— Mh. Haya.

Ujumbe Renatha alikuwa ameshauandika, neno moja tu: Iondoeni. Kilichobaki ni kubonyeza. Lakini kidole kilikuwa kinamgomea, na sababu hakuiambia benchi. Chini ya ile filamu, watu wa miji asiyoijua walikuwa wameandika kwamba wameiangalia hadi mwisho. Hapa nyumbani aliionyesha mara moja, ukumbi wa parokia, watu wakatoka mmoja mmoja kufuata soda na hawakurudi. Sasa aifute huko nako?

— Dada, usihuzunike, alisema Bando. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Filamu yako sasa inatembea dunia nzima!

Renatha alimkazia macho aone kama anamtukana. Wala, maskini. Alikuwa anampongeza.

— Tuwadai fidia kwa kila jicho, alisema Wakili. Mtazamaji mmoja, macho mawili.

— Na chongo? aliuliza Bando.

— Chongo analipa nusu. Sheria haimwonei mtu.

— Ninyi hamkusoma, alisema Nshomile. Wale hawana shida na filamu, shida yao ukungu. Wanaufundishia kompyuta. Ikishaujua, watautengeneza kwao, halafu watuuzie. Mtaamka siku moja Kemondo kweupe pee, mpaka tulipie!

— Na sangara! Bando akadakia. Wanaupima huo ukungu wajue sangara wamelala wapi. Mchuma janga hula na wa kwao!

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia tu, Ta.

— Mnapiga kelele bure, alisema Ma Klaudia. Akamwani, kahawa hii ya kutafuna, nawapa wageni, silipishi mtu. Lakini mkono ukiingia kwenye kikapu kabla sijasema karibu, huo mkono ni wa mwizi.

Bando akautoa wake taratibu.

— Mimi kinachoniuma, alisema Wakili, ni yule jambazi anavyokimbia pale mwishoni. Kazi ngumu ile, halafu iangaliwe bure!

— Na ule wimbo, alisema Nshomile. Wimbo mtamu sana.

Renatha akawageukia. Jambazi? Wimbo? Katika filamu ile mtu haonekani hata mmoja. Kumbe watatu hawa, wanaompigania tangu kahawa ichemke, hawajaiona! Hilo likamchoma kuliko wizi wenyewe.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mgeni, gunia la dagaa miguuni, akisubiri gari la Muleba. Benigna, mfanyabiashara wa kisiwa cha Goziba. Alitua kikombe.

— Samahani, wenyeji. Hiyo filamu ndani yake kuna nini?

Wakili akamtazama Nshomile. Nshomile akajifanya anafuta miwani. Bando akainamia pikipiki yake, kama vile tairi limetoboka.

— Basi mwanangu, naomba niione.

Tangu Renatha aitengeneze filamu ile, hakuna aliyewahi kumtamkia maneno hayo. Machozi yalimlenga. Akafungua palepale ilipowekwa bure, akampa simu, na wale watatu wakasogea, shingo wamezirefusha.

— Umeigeuza simu, alisema Bando.

— Haijageuzwa, alisema Renatha. Ziwa liko juu, mbingu chini. Nilitaka iwe hivyo.

Ukungu wa alfajiri pale Kemondo ukatanda kwenye kioo, mweupe, ukienda polepole. Ndani yake zikaanza sauti za wanawake wakigombea bei ya dagaa, wasioonekana, na katikati yao mmoja akacheka, kicheko kirefu cha kutoka tumboni. Hakuna aliyefuata soda.

Benigna akaiinua simu hadi sikioni.

— Mawe, mama yangu! Huyo anayecheka ni mimi!

— Acha mama! Bando akashangaa.

— Kicheko changu sikijui? Akamgeukia Renatha. Binti, siku ile uliniomba ruhusa lini?

Renatha alitazama chini. Alikumbuka alivyojibanza nyuma ya magunia na kinasa sauti chake, akifurahi kwamba hawamwoni.

— Sikukuomba, mama, alisema. Nimekosea. Naomba sasa.

— Ungeniomba siku ile ningekataa, maana nilikuwa sijachana nywele.

— Nywele kwenye sauti? alisema Bando.

— Nyamaza wewe! Sasa nakubali. Lakini jina langu liandikwe, Benigna wa Goziba, wajue huko ni nani anacheka.

Renatha akaichukua simu. Akafuta Iondoeni. Akaandika: Ibaki. Ila niombeni ruhusa, kama mimi nilivyoomba leo, na jina la mama Benigna mliandike. Akabonyeza, na kifua kikawa chepesi.

Gari la Muleba lilikuwa limefika, konda anapiga bodi kwa kiganja na kuita abiria. Benigna hakunyanyuka.

— Mwambieni asubiri, alisema. Wewe mwanangu, rudisha pale ninapocheka.