Wilaya Nyeupe

Masikio yangu, ambayo yamewahi kusikia mchwa wakigombana ukutani, yalinasa maneno ya kiti cha mbele yangu ndani ya basi. Mama mmoja, barakoa kidevuni, wanawe wawili wamemlalia, alimwonyesha jirani yake ramani kwenye simu. "Nyekundu serikali imefunga kila kitu, njano wamefunga nusunusu. Kwa bibi yao ni kweupe pe! Ndiyo maana nawapeleka huko mpaka ugonjwa upite."

Jirani huyo, kijana wa miwani, akaisogelea simu. "Mama, hiyo ramani nimeichora mimi, kwa takwimu za serikali."

"Hongera, mwanangu! Umetuokoa."

"Nyeupe si kwamba pako wazi. Ni kwamba wilaya hiyo hawajatuma taarifa. Nilitakiwa nipake kijivu."

"Hawajatuma kwa nini?"

"Labda uzembe. Labda anayetuma naye anaumwa."

Mama akapandisha barakoa. Nikapandisha na yangu, ingawa hakuna aliyeniuliza. "Sasa nishuke nao, au nigeuze?"

"Sijui, mama."

"Hujui, na rangi umepaka!"

Basi likasimama. Watoto wakaamka, wakabandika nyuso dirishani, wakauliza mbona bibi hayupo kituoni.