Mzee Mistari Akubali Kuihamisha Do

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mnakili wa nota na mtunza maktaba wa chuo chetu cha muziki, ambaye sote tunamwita Mzee Mistari, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe iliniomba mimi, mwalimu wa kwaya, niandike wasifu wake. Niliuliza kama hakuna mwenzetu anayempenda zaidi. Wakajibu kwamba wametafuta na hawajampata. Haya, mchagua jembe si mkulima, nikachukua kalamu.

Mtaona kwenye ratiba kwamba kipengele cha mwisho ni mke wa mstaafu, ambaye kwangu ni wifi kwa kuwa mstaafu ni kaka yangu, kuimba wimbo aliotungiwa na mumewe walipokuwa wachumba. Hajawahi kuuimba. Wanawe wameoa na kuolewa, wajukuu wanatembea, na wimbo wa uchumba wa bibi yao ulikuwa bado umefungiwa kabatini. Kisa ni ubishi wa mtu mmoja, na leo huyo mtu tunampa keki.

Mzee Mistari aliajiriwa wakati chuo kikiwa bado ghorofani juu ya duka la matairi. Alikuja na rula, chupa ya wino na kalamu yenye midomo mitano, ile inayochora mistari yote mitano ya nota kwa mvuto mmoja. Tuseme ukweli, mkono wake ni mzuri. Bendi yetu ya tarumbeta imepiga kutoka kwenye karatasi zake miaka yote, na hakuna mpigaji aliyewahi kulalamika kwamba nota haisomeki. Mashine ya kunakili ilipoletwa, aliitazama kama mtu aliyeletewa mke mwenza, akaitandikia kitambaa na kuweka birika la chai juu yake.

Tatizo lake lilikuwa imani. Kwake yeye, muziki ni ule ulioandikwa kwenye mistari mitano, na mwingine wowote ni kelele za jirani. Solfa, yaani do, re, mi zinazoandikwa kwa herufi, ambazo kwaya zetu zote hulelewa nazo, aliziita barua za kuagizia sabuni. Mvua ilipopasua bati la maktaba, aliokoa makabati ya bendi moja baada ya jingine, akaziacha solfa zangu chini ya tundu. Nilipofoka, alinijibu kwa upole kabisa kwamba herufi hukauka.

Hakuna aliyesalimika. Mpiga gitaa wetu hutumia mistari sita, kila mmoja ukiwa uzi wa gitaa, na namba zinazokwambia ubonyeze wapi. Mzee Mistari alisema hayo ni maelekezo ya fundi bomba. Na kweli, namba zile hazikwambii sauti ni ipi, zinakwambia kidole kiende wapi, lakini mpiga gitaa alitaka nini kingine, jamani? Mwalimu wa ngoma haandiki kitu. Huwafundisha wanafunzi kwa mdomo, dum-taka-taka-dum, na wanafunzi huondoka na mdundo tumboni. Mzee Mistari akaona ni aibu ya chuo, akajifungia wiki nzima, akatoka na mdundo huo kwenye mistari mitano, nukta na vijimkia tele. Mwalimu wa ngoma aliusoma wote, akasema umeandikwa sawasawa, ila hakuna atakayecheza.

Aliyempatia dawa yake ni mwalimu wa kinanda, ambaye haoni, na husoma nota zake za nukta nundu kwa vidole. Huyo husoma kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine, halafu hubadilisha, mpaka wimbo wote uingie kichwani. Siku moja Mzee Mistari alimwekea mkononi ukurasa aliouchora kwa siku tatu na kumwambia kwamba huo ndio muziki wenyewe. Mwalimu wa kinanda akaupapasa juu hadi chini, akaugeuza, akaupapasa tena, akasema, “Mzee, umenipa karatasi tupu.” Tulicheka hadi karani wa fedha akaja kuuliza kuna nini.

Sisemi kwamba mistari mitano haina kazi. Ukiwa na tarumbeta kumi na kila moja na lake, utaiandika wapi vita hiyo ila kwenye mistari? Jicho linaona sauti ikipanda na kushuka, linaona nani anaingia lini. Lakini mistari hukwambia imba hapa, papo hapo, upende usipende. Solfa haina kiburi hicho. Do si sauti moja iliyopigiliwa msumari. Juu ya ukurasa unaandika Do iko wapi leo, na nyingine zote zinaifuata kama vifaranga. Kwaya ikiwa na mafua, unaishusha. Hilo ndilo Mzee Mistari alikataa kulielewa, na lilimtia aibu mbele za watu.

Ilikuwa siku ya kufungua ukumbi mpya. Kwaya yangu ingeimba, bendi isindikize. Nikampa solfa yangu aihamishie kwenye mistari kwa ajili ya bendi. Juu niliandika wazi, kwa jina la sauti ya kinanda: Do ni G. Yeye aliona ni porojo za kwaya, kwa kuwa kwake Do ni C tangu dunia iumbwe. Basi kwaya ikaanza kwa G, bendi ikaanza kwa C, na hakuna aliyekuwa tayari kumfuata mwenzake. Tulisonga hivyo beti tatu. Mgeni rasmi alidhani ni mtindo wa kisasa, akasimama kupiga makofi. Mpaka leo Mzee Mistari anasema kwaya ndiyo iliyopotea.

Sasa turudi kwa wifi. Huyu ni mwanakwaya wangu, na solfa anaisoma kuliko mimi. Alipotungiwa wimbo alikuwa msichana wa sauti ya kwanza, inayopanda bila kukamatwa. Mchumba wake akauandika kwa mistari mitano, akamkabidhi kwa mbwembwe, na binti wa watu hakuambulia kitu ila maneno yaliyoandikwa chini. Akaomba aandikiwe kwa solfa. Akaambiwa ajifunze kusoma. Akaomba basi aimbiwe mara moja tu, aushike kwa sikio. Hilo nalo likagonga mwamba, maana Mzee Mistari akiimba hata kuku wa jirani huhama. Mimi niliomba niunakili, nikaambiwa hautachafuliwa. Hivyo mwanamke yule ameishi na maneno ya wimbo wake mwenyewe miaka yote bila kuijua sauti yake. Alikuwa akiyasema jikoni huku akikatakata vitunguu, kama mtu anayesoma tangazo. Mimi nilikuwa nikimsikia na kukasirika, na hasira hiyo sijaimaliza.

Kamati ilipomuuliza mstaafu angependa nini siku ya kuagwa, alisema anataka mkewe aimbe ule wimbo. Wifi alipoambiwa, aliifunga khanga kiunoni na kutoa jibu lake: “Aandike nisome. Asipoandika, hata kwenye sherehe yake siji.” Na wifi akisema haji, haji.

Wiki iliyopita Mzee Mistari alibisha hodi chumba cha kwaya. Hajawahi kubisha hodi pale, huwa anaingia tu. Alikuwa na ukurasa wa solfa aliouandika mwenyewe. Nilipousoma nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Wimbo uko kwenye A, naye Do aliiacha palepale kwenye C, kwa hiyo ukurasa mzima ulijaa de, fe na se, herufi za sauti zilizopandishwa nusu, ambazo kwaya yoyote ikiziona hukimbilia mlangoni. Nikamwita wifi, tukakaa watatu. Nikamfundisha mtu wa miaka sitini kuihamisha Do. Akaandika upya, akifuta na kupuliza karatasi, jasho likimtoka. Mkewe alimtazama tu.

Wifi akajaribu kuuimba. Mstari wa pili ukamshinda. Sauti ya kwanza iliondoka zamani, sasa yeye ni mtu wa sauti ya pili, na wimbo ulikuwa bado unamngoja yule msichana kule juu. Mzee Mistari akasema atauandika wote tena, atakesha.

Nikachukua kalamu, nikakata ile A juu ya ukurasa, nikaandika E ya chini yake. Basi. Sikugusa kingine.

“Hivyo tu?” akauliza.

Hivyo tu, Kaka. Miaka yote hiyo, hivyo tu.

Wifi akaimba wimbo wake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni mzuri, na inaniuma kuandika hivyo. Kwenye mstari wa tatu akairefusha sauti moja kwa raha zake, mumewe akainua kidole kumwonyesha kwamba hapo ni nusu pigo. Hata hakumgeukia. “Teremsha kidole,” akamwambia, “wimbo ni wangu.” Akakiteremsha.

Kaka, kwa karatasi zote ulizotuandikia, chuo kinakushukuru, na hata mimi nakushukuru. Kapumzike, ule ushibe, uwaone wajukuu wakikua. Leo wifi akisimama, kiti chako kiko safu ya mbele, na karatasi tumempa yeye peke yake. Wewe kaa usikilize.